JIKO LA GETO: Mkate wa bibi ulivyonitoa jasho

Ukurasa huu wengine wenu mnauanza kabla hata ya habari za mbele. Nawajua! Salamu zenu kuhusu maharage ya wiki iliyopita nimezipata. Yule dada wa Nyakato aliyesema eti mwanaume anayepika anatafuta mke kwa mlango wa uani, jibu langu ni hili: mlango wowote utakaofunguka, mimi naingia.

Leo tunaoka mkate. Tena siyo ule mweupe unaobonyezwa ukabaki na alama ya kidole kama godoro. Huu ni mweusi-mweusi, mzito, una ngano isiyokobolewa, ulezi, ufuta, mbegu za alizeti na za maboga. Hauna hamira, haukandwi wala hausubiriwi uumuke. Unachanganya kwa dakika kumi, unaweka motoni, ndani ya saa moja umemaliza kazi. Lakini kabla sijakupa vipimo inabidi unisikilize kwanza, maana mkate huu haukuanzia jikoni. Ulianzia kwenye benchi la wagonjwa.

Mimi ni mtoto wa Butiama, nimelelewa na bibi mzaa baba. Siku hizi nimepanga chumba Nyasho, hapa Musoma mjini, na kila nikipata upenyo nadandia Hiace kwenda kumsalimia. Sasa wewe unajua utaratibu. Mtu hatoki mjini akaenda kwa bibi yake mikono mitupu, labda awe hana haya. Unabeba sukari kilo moja, majani ya chai, sabuni ya mche, na juu ya vyote unabeba mkate. Mkate ndio salamu yenyewe. Vingine vyote vinaingia ndani kimya kimya, lakini mkate bibi anautoa kwenye mfuko majirani wakiwa wanaona.

Bibi aliwahi kunieleza kwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalikuwa matupu nchi nzima. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa kujuana. Mtu akishuka kwenye gari kijijini na mkate kwapani, watoto wanamsindikiza mpaka mlangoni. Kwa hiyo kwa mtu wa umri wake, mkate mweupe maana yake ni kwamba una mtoto mjini na hajakusahau. Ladha inafuata baadaye.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa nane bibi akajikwaa kwenye kisiki, akapata kidonda kidogo tu kwenye kidole cha mguu. Kidonda gani hicho! Wiki ya kwanza kipo, ya pili kipo, ya tatu kimeanza kunuka. Wakampeleka kupima, sukari ikakutwa iko juu ile mbaya. Nikapigiwa simu, nikapanda gari siku ileile, na kama kawaida yangu nikapitia dukani kuchukua mkate. Nimeingia nao mpaka kwenye benchi la wagonjwa.

Muuguzi akauliza, "Mama huyu kwa kawaida asubuhi anakula nini?"

Binamu yangu, ambaye mdomo wake hauna pazia, akajibu, "Chai ya sukari na mkate anaoletewa na mjukuu wake."

Macho yote yakahamia kwenye mfuko wangu. Mpenzi msomaji, nimewahi kuaibika mara nyingi, nimewahi hata kuteleza mbele ya demu pale Mwigobero na ndoo ya samaki mkononi, lakini aibu ya siku ile haina mfano. Nilitamani mkate ule uwe jiwe nilitupe ziwani. Aliyenitetea ni bibi mwenyewe. "Mwacheni mume wangu," alisema, "kanipenda kwa anachokiweza."

Hapo ndipo aliponimaliza kabisa.

Muuguzi alikuwa muungwana, hakunilaumu. Akaeleza kwamba sukari haiji kwa mkate peke yake, kwamba dawa lazima zimezwe, kidonda kisafishwe, na chakula kibadilike: sukari ya chai iondoke, vyakula vilivyokobolewa vipungue, na hata hivyo visivyokobolewa viliwe kwa kipimo. Bibi sukari akakubali kuiacha. Mkate akagoma. "Chai kavu ni ya mfungwa," akasema, na ukimjua bibi utajua kesi imefungwa.

Nikarudi Musoma na kazi moja kichwani, kutafuta mkate ambao bibi anaweza kula kipande bila mimi kujisikia muuaji.

Nilianza na njia ya mkato, kama wewe ungeanza. Nikaenda dukani nikanunua mkate wa kahawia. Bahati nzuri nikausoma ule mfuko. Nikupe siri moja hapa: kitu kinachotajwa kwanza kwenye orodha ya vilivyomo ndicho kilicho kingi. Mikate mingine ya kahawia ni unga uleule mweupe uliotiwa rangi ya karameli, weusi wake ni wa vipodozi tu. Nikaona hapa naingizwa mjini huku nikiwa naishi mjini. Bora nioke mwenyewe.

Sasa niseme ukweli, safari hii nilichemsha. Nimechemsha mara tatu, na nitakuhadithia zote ili wewe usirudie.

Mara ya kwanza nilinunua punje za ngano sokoni, nikapeleka mashine ya kusaga. Nilijiona mjanja, unga wangu mwenyewe, pumba zake zote ndani. Nilichosahau ni kwamba hii ni Musoma. Mashine niliyokwenda ilikuwa imetoka kusaga dagaa wa chakula cha kuku! Nilipofunua mkate, mama mwenye nyumba akapaza sauti kutoka uani, "Kijana, leo unaoka keki au unakaanga dagaa?" Paka wa jirani alikaa mlangoni kwangu mpaka usiku. Kwa hiyo ukitaka kusagisha ngano, tafuta mashine inayosaga nafaka tu, na uombe mahindi ya mtu mwingine yatangulie. Mimi siku hizi nanunua unga wa atta, ule wanaotumia Wahindi kwa chapati zao. Angalia tu tarehe, maana unga wenye kiini na pumba zake una mafuta ndani yake na huchacha mapema kuliko ule mweupe. Nunua kidogo kidogo.

Mara ya pili kosa lilikuwa mbili kwa mpigo. Geto halina oveni, kwa hiyo nilioka kwa mtindo wa sufuria ndani ya sufuria yenye mchanga. Mchanga nikauchota ufukweni, na kwa haraka zangu sikuukausha. Ulipopata moto ukatoa mvuke, mkate ukapikika kama kiazi cha kuchemsha, juu umelowa. Halafu dada mmoja jirani alinishauri eti badala ya kununua beking soda nitie magadi, yale ya kulainishia maharage, si yote yanatoa povu? Nikatia. Ulikuwa na ladha ya sabuni ya mche, ningeweza kufulia nao shati. Magadi ni makali kuliko beking soda, yanachimbwa na uchafu wake, na mengi yana madini ya floridi ambayo kwa wingi huharibu meno na mifupa. Hapana, jamani, magadi tuyaachie maharage, na hata huko kwa kiasi.

Mara ya tatu nilikuwa na kila kitu sawa isipokuwa beking pauda. Niliinunua kwenye duka moja ambalo sitalitaja, kopo lina vumbi, bei ya kutupa. Ningejiuliza kwa nini ni ya kutupa! Mkate ulitoka tofali. Sio kama tofali, tofali lenyewe. Tangu siku hiyo napima kabla. Beking pauda tia kijiko kwenye maji ya moto. Ikichemka povu kwa kelele ni nzima, ikikaa kimya ni maiti. Beking soda ipime kwa kuikamulia limao.

Na hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna watu wengi wanaziita zote jina moja. Nilipokuwa shule Kemia haikunipenda, na mimi sikuipenda, lakini jikoni tumepatana. Beking soda peke yake haiumui kitu vizuri mpaka ikutane na uchachu. Ikikutana nao inatoa hewa ya ukaa, na vile vipovu ndivyo vinavyoinua mkate. Uchachu tunao tele kanda hii, ni maziwa mgando. Beking pauda yenyewe ni soda iliyokwisha kuchanganywa na tindikali kavu, inasubiri maji tu. Hamira ni mnyama mwingine kabisa, ile ni hai, inakula sukari ya unga polepole ndiyo maana inahitaji muda.

Waairishi ndio waliosifika kwa mkate wa soda, tangu karne ya 19, kwa sababu ngano yao ilikuwa laini na hamira iliwasumbua, lakini maziwa ya mgando walikuwa nayo. Na beking pauda je? Hiyo ni habari ya mapenzi, na kwa kuwa ukurasa huu unapenda mapenzi nitaisema. Mkemia mmoja wa Birmingham, Uingereza, aliyeitwa Alfred Bird alikuwa na mke asiyepatana na hamira, akila anaumwa. Mwaka 1843 bwana huyo akakaa chini akatengeneza unga wa kuumulia mkate usio na hamira, ili mkewe ale kama watu wengine. Akina kaka mnaodhani mapenzi ni vocha, mmeona?

Nirudi kwenye mbegu. Ufuta haunisumbui, sokoni upo, ingawa unakolimwa kwa wingi ni kule kusini, Lindi na Mtwara, na bei yake si ya mchezo. Mbegu za alizeti na maboga nilizifuata Bunda kwa shangazi. Wanaoijua Bunda wanajua ni mji wa pamba na wa magari yanayokimbilia Mwanza na Sirari, lakini kwa shangazi yangu ni mji wa maboga. Anayaanika mbegu zake juu ya bati, anazikaanga kwa chumvi, tunatafuna tukipiga soga. Nilipomwambia nazitaka za kutia kwenye mkate pamoja na pumba za ngano, akaniangalia kama mtu aliyepandwa na homa.

"Pumba, baba? Si za kuku hizo?"

Nikamweleza habari ya sukari ya mama yake. Akanyamaza. Halafu akaingia ndani akatoka na debe la mbegu, tukakaa wawili kuzimenya mpaka jua likazama, na muda wote hakusema neno jingine zaidi ya kuuliza kidonda kimefikia wapi. Shangazi hamenyi mbegu na mtu yeyote. Mtu mwingine angemwambia nenda kamenye kwenu.

Wakati narudi nikapitia duka la pembejeo kuuliza alizeti zaidi. Muuzaji, Mungu ambariki, akaniuliza ni za kupanda au za kula. Nikamwambia za kula. Akanirudishia hela yangu papo hapo. Mbegu za kupanda huwa zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu, ndiyo maana nyingine zina rangi nyekundu au ya kijani, na ile ni sumu, haioshwi ikaisha. Usijaribu. Nunua alizeti kwa wenye mashine za kukamua mafuta au kwa mkulima, menya, na ukikuta punje nyeusi yenye ukungu tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Ulezi ulitoka kwa bibi mwenyewe, nusu debe, bila kujua unakwenda wapi. Ulezi ni mtu wa kwetu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulilimwa hapa maelfu ya miaka iliyopita kabla haujavuka bahari kwenda India, ambako wanauita ragi. Una madini ya chokaa yanayojenga mifupa, karibu miligramu 340 kwa kila gramu 100, mahindi hayafui dafu hapo. Wazee wa Mara walikuwa na ugali wake, wa mtama na wa udaga kabla sembe haijaingia na kujifanya bosi. Ukame ulipobana nchi mwaka 1974 Serikali ya Mwalimu ikaanzisha Kilimo cha Kufa na Kupona, na mtama, uwele na muhogo vikahimizwa kwa sababu vinavumilia jua. Mvua ziliporudi wengi wakavisahau. Umoja wa Mataifa ukaja kuukumbuka ukoo wote wa mtama, uwele na ulezi mwaka 2023, ukaupa mwaka wake wa kimataifa. Bibi hakuwahi kuusahau, ila alikuwa anaufanya uji wa wageni wagonjwa, eti ni chakula cha zamani.

Kitu kimoja tu, ulezi huja na mchanga. Uoshe kwa maji mengi, uanike ukauke kabisa, ndipo usage.

Haya, chukua kalamu. Kikombe changu ni kile cha chai cha robo lita. Unga wa atta vikombe viwili, unga wa ulezi kikombe kimoja. Usizidishe ulezi, kwa sababu hauna ule utelezi wa kunata ulio kwenye ngano, ule unaoshika vipovu. Ukizidi, mkate unamomonyoka kama ukuta wa udongo mwezi wa nne. Beking soda kijiko kimoja cha chai kilichopigwa flati, siyo kilima. Chumvi kijiko cha chai kasoro kidogo. Ufuta, alizeti na maboga, vijiko vitatu vitatu vya mezani, na ubakize kidogo cha kunyunyiza juu. Maziwa mgando kikombe kimoja na nusu, mafuta ya alizeti vijiko viwili vya mezani. Sukari hakuna. Kama unaoka kwa ajili yako na huna kisukari, kijiko cha asali hakijaua mtu.

Anza na moto, ndugu yangu, usianze na unga! Soda ikishakutana na mgando saa imeanza kuhesabu, vipovu havikusubiri wewe upulize mkaa. Sufuria kubwa nzito, mchanga safi mkavu kimo cha vidole viwili, vijiwe vitatu juu yake, funika, acha ipate moto robo saa. Hii kazi fanyia nje au barazani. Nasema na nyie mabachela wenzangu wa chumba kimoja: mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wamelala. Usiingize jiko ndani hata kama mvua inanyesha.

Wakati huo kaanga mbegu bila mafuta mpaka ufuta uanze kuruka-ruka. Changanya vikavu vyote. Fanya shimo katikati, mimina mgando na mafuta, koroga kwa mwiko haraka haraka mpaka usione unga mkavu, basi. Usikande! Ukikanda kama chapati umeua vipovu na umepata mpira. Tope liwe zito, linalodondoka kwa kubembelezwa. Kama ni gumu ongeza mgando kidogo. Paka sufuria ndogo mafuta, nyunyizia unga, mimina, sawazisha juu kwa mkono uliolowa, tupia mbegu zilizobaki, chora mstari katikati kwa kisu ili upasuke panapotakiwa.

Weka juu ya vijiwe, funika na bati, na makaa mengi yapande juu, machache yabaki chini. Wengi wanaunguza mkate kwa sababu wanafanya kinyume. Mimi kwa kila makaa matatu, mawili nayapandisha. Usifunue nusu saa ya kwanza, hata mama mwenye nyumba akikuuliza nini kinanukia. Baada ya dakika 45 chomeka njiti. Ikitoka kavu, utoe, upindue, ugonge tako lake. Ukilia ngo-ngo-ngo kama ngoma umeiva. Mwenye oveni aweke nyuzi joto 190, muda ni uleule.

Ukiutoa, ufunge kwenye kitambaa, uache upoe kabisa kabla ya kukata. Hapa ndipo wanaume tunaposhindwa. Mara ya nne nilikata wa moto, ukamomonyoka, nikaula kwa kijiko nikiwa nimesimama. Ulikuwa bomba, lakini haukuwa mkate wa kumpelekea mtu.

Wa tano ndio uliokwenda Butiama.

Niliufunga kwenye kitambaa, nikaubeba mapajani kuanzia stendi ya Bweri, Makutano tukashusha watu, tukapanda. Jirani yangu kwenye siti akauliza nimebeba mtoto? Nikasema karibu sawa. Tulipofika, kundi la wanafunzi lilikuwa linaelekea Mwitongo kuona kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, vumbi lao likaniingia hadi kooni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona leo umenikonda? Hao wake zako wa Musoma hawakulishi?"

Mguu, nashukuru Mungu, ulikuwa umefunga. Dawa zilifanya kazi na binamu yangu, pamoja na mdomo wake, alikuwa anakisafisha kidonda kila siku bila kukosa. Nikafungua kitambaa. Bibi akautazama mkate, akaugonga, akaunusa. Akakata kipande chembamba, akatafuna polepole kwa meno ya upande mmoja, maana upande mwingine yalishakwenda.

"Huu ni ulezi wangu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Umeuvika suruali ya kizungu." Akatafuna tena. "Nani kamenya mbegu?"

"Mimi na shangazi."

Akaacha kutafuna. "Yeye alikaa chini akamenya?" Nikamwambia mpaka jua likazama. Hakusema kitu, lakini alikata kipande cha pili, nikamzuia mkono. Muuguzi alishasema, hata huu ni wanga, unapandisha sukari polepole kuliko ule mweupe lakini unapandisha. Kipande kimoja chembamba na chai isiyo na sukari, na mboga au yai pembeni, siyo kwenda nao mpaka nusu. Bibi akanuna, kisha akakirudisha.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa shujaa. Lakini binamu yangu hakuumbwa kuacha hadithi za watu ziishe vizuri. "Mwambie na ule mwingine ulioko sandukuni," akasema.

Kwenye sanduku la khanga, chini kabisa, palikuwa na mkate mweupe. Umeletwa juzi na mjukuu mwenzangu wa Mwanza, ambaye hata habari ya benchi la wagonjwa hajui vizuri. Vipande viwili vilikuwa havipo.

"Bibi!"

"Viwili tu. Cha tatu nilikikumbuka mguu nikakiacha."

Sikujua nicheke au nilie. Nikatamani kuuchukua nikautupe kwa kuku, halafu nikamwona alivyoukalia ule mfuko, kautandika vizuri, kaufunga kwa kamba. Ni zawadi ya mjukuu wake. Nikiutupa nitakuwa nimemtupa mwenzangu.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Wa kwako nitakula mimi, kimoja kimoja, kama ulivyosema," akajibu. "Huu utakaa wa wageni."

"Wageni gani, bibi? Utakaa mpaka uote ndevu."

"Kwani wewe si umekuja?"

Akakata vipande vitatu vya mkate wa Mwanza akaniwekea kwenye sahani, akanimiminia chai ya sukari kikombe kikubwa, akasogeza stuli yake akae anione nikila. Vilivyobaki akawaita watoto wa jirani. Nimeoka siku nne, nimesafiri na mkate mapajani kama mtoto, na siku ile mimi nimeshiba mkate mweupe.

Wiki ijayo nitakupeleka kwa mama mmoja wa hapa Nyasho anayepika hafkeki ambazo hazivunji jino, kama atakubali kunipa siri yake. Mpaka sasa ananizungusha.